Rafiki wa Kibuyu Hayumo Kwenye Ratiba ya Msiba

Ukoo una nafasi yake, kanisa lina yake, chama cha kuzikana kina yake, hata diwani ana yake. Aliyekaa na marehemu kila jioni kwenye lubisi, pombe ya ndizi, anabaki kusikiliza.

Karatasi ya ratiba ya mazishi katika vijiji vya Bukoba na Muleba imezoeleka kiasi kwamba mtu anaweza kuikariri. Mwili kuwasili nyumbani. Chakula. Wasifu wa marehemu. Salamu za rambirambi: ukoo, wakwe, mwajiri, chama cha kuzikana, mwenyekiti wa kitongoji, diwani kama yupo. Ibada. Maziko. Mashada. Neno la shukrani. Kila mstari umepewa dakika zake, na mshereheshaji anaangalia saa kwa sababu mchungaji au padri ana msiba mwingine mchana huohuo, na mvua ya kutoka ziwani haingoji mtu.

Lipo kundi ambalo karatasi hiyo hailitaji. Ni wanaume watano au sita, wengi wao wazee, waliofika mapema kuliko wakwe, na mara nyingi ndio waliochimba kaburi. Hao ndio waliokaa na marehemu jioni baada ya jioni, kibuyu kikizunguka. Wanajua alimdai nani na nani alimdai yeye, mpaka wa kibanja chake unapita kwenye mti gani, kwa nini aligombana na kaka yake na walipatana lini. Wasifu unaposomwa na kijana aliyeshuka kwenye basi la Dar es Salaam juzi, wazee hao hutazamana. Mwaka umekosewa. Mahali alipofanyia kazi ya kwanza sipo. Mtu aliyemlipia karo hakutajwa kabisa. Hakuna anayewauliza, na ratiba inasonga mbele.

Makala haya yanashikilia jambo moja: kumwacha rafiki wa jioni nje ya ratiba ni kosa, na hasara yake haiishii kwenye hisia za wazee wachache. Familia inapoteza shahidi. Mila za Wahaya zilimpa rafiki kiti, sheria ya nchi bado inamhitaji, na tafiti zilizofanywa Kagera zinaonyesha kwamba maisha ya watu yamesimama juu yake pamoja na ndugu. Wapo wanaopinga, tena wana sababu nzito, na sababu hizo zitapimwa hapa moja baada ya nyingine.

Kinywaji kisichonywewa peke yako

Ili kuelewa urafiki huu inabidi kwanza kuelewa lubisi yenyewe. Ndizi za pombe, embiire, huivishwa kwa siku kadhaa ndani ya shimo lililotandikwa majani ya mgomba, au juu ya dari ya jiko penye moshi. Zikishaiva humenywa na kumwagwa kwenye mtumbwi wa mti uliochongwa, kisha wanaume huzikanyaga kwa miguu pamoja na nyasi hadi juisi ijitenge na makapi. Maji huongezwa. Mtama uliokaangwa na kusagwa hunyunyiziwa juu, mtumbwi hufunikwa kwa majani, na usiku mmoja unatosha kugeuza juisi kuwa kitu kingine. Kesho yake iko tayari. Siku mbili tatu baadaye imeshachachuka kupita kiasi, hainyweki.

Hapo ndipo ilipo siri ya kijamii ya kinywaji hiki. Mtumbwi mmoja hutoa lubisi nyingi kuliko kaya inavyoweza kumaliza, na haiwezi kuwekwa kabatini kungoja sikukuu. Mwenye mtumbwi hana budi kuita watu. Zamani sehemu ilipelekwa kwa omukama, yaani mtawala, sehemu ilitolewa kwa wahenga, na iliyobaki ilikuwa ya majirani na marafiki, mwenyeji akionja kwanza mbele ya wote ili kuondoa shaka. Aliyeitwa leo ataita wiki ijayo atakapokuwa na ndizi zake. Mzunguko huo ukiendelea miaka thelathini au arobaini unazaa kitu ambacho hakina cheti wala katiba, lakini kinawafahamu watu wake kuliko daftari la kijiji.

Kwenye mizunguko hiyohiyo ndiko mpiga enanga, ala ya nyuzi ya Wahaya, alikoketi. Profesa Mugyabuso Mulokozi, aliyeandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu tendi za enanga za Wahaya, ametuonyesha kwamba historia ya watawala, mashujaa na ukoo ilibebwa na waimbaji hawa kwa vizazi. Wasikilizaji wao walikuwa watu walioketi pamoja, wakitia neno, wakisahihisha. Katika Buhaya, nchi ya Wahaya, kumbukumbu ya waliokufa haikuwahi kuwa kazi ya ndugu peke yao. Ilifanyika hadharani, penye kinywaji na watu wa koo mbalimbali.

> Aliyeitwa leo ataita wiki ijayo. Mzunguko huo ukiendelea miaka arobaini, unawafahamu watu wake kuliko daftari la kijiji.

Punje mbili ndani ya tunda moja

Anayedhani kwamba urafiki ulikuwa jambo dogo pembeni ya ukoo aukumbuke omukago. Watu wawili wasio ndugu walipotaka kufungamana, walichukua tunda la kahawa, ambalo kwa maumbile yake lina punje mbili zilizolaliana ndani ya ganda moja. Kila mmoja alichanjwa karibu na kitovu, punje ikapakwa damu yake, na mwenzake akaimeza. Kuanzia hapo mmoja hakuweza kumsaliti mwingine, kumnyima chakula, wala kuwatelekeza watoto wake akifa. Omunywani wa namna hiyo aliingia katika nyumba ya mwenzake kama mtu wa nyumbani, na kwenye msiba hakuwa mgeni wa kupangiwa kiti. Alikuwa mfiwa.

Wamisionari wa Kikatoliki walifungua kituo chao Kashozi mwaka 1892. Walutheri wakafuata, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 uamsho wa walokole uliotokea upande wa Rwanda na Uganda ukaingia Bukoba ukiwa na msimamo mkali dhidi ya pombe na viapo vya damu. Si kazi ya makala haya kuulaumu uamsho huo. Familia nyingi zilipata amani kwa sababu baba aliacha kunywa. Tatizo ni kwamba kibuyu kilipoondolewa, rafiki aliyekishika aliondolewa pamoja nacho. Ukoo ulisalimika kwa sababu kanisa lilijifunza kuzungumza nao. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, aliutafakari ukoo wa Kihaya kwa kina katika kitabu chake Church, Clan and the World cha mwaka 1974. Rafiki hakupata mtetezi wa kimo hicho.

Miaka ya vifo vingi

Pigo kubwa zaidi lilikuja baadaye, na halikutoka kwenye mimbari. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania waliripotiwa Kagera mwaka 1983. Ndani ya miaka kumi vijiji vya Bukoba na Muleba vilikuwa vikizika mfululizo. Gabriel Rugalema, katika tasnifu yake ya mwaka 1999 kuhusu kijiji kimoja cha Bukoba, alieleza jinsi uuguzaji na vifo vya watu wazima vilivyokula muda, fedha na nguvukazi ya kaya. Mtu hawezi kukaa matangani siku nyingi kwa kila jirani ikiwa majirani wanakufa kila wiki. Migomba itaingiwa na magugu na watoto watalala njaa. Siku za matanga zikapunguzwa, shughuli zikabanwa, na msiba ukaanza kuendeshwa kwa saa.

Katika hali hiyo vyama vya kuzikana viliokoa watu. Vingi vina katiba ya maandishi, orodha ya wanachama, na faini kwa asiyefika au asiyechangia. Uchumi wake umechunguzwa vizuri: utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulilinganisha vyama vya Kagera na vile vya Ethiopia viitwavyo iddir, na ukaonyesha kwamba Waethiopia hulipa ada mapema na kuweka akiba, ilhali wa Kagera huchanga zaidi wakati msiba unapotokea. Yeyote aliyefiwa anajua thamani ya ndizi, maharage, kuni na fedha zinazoletwa asubuhi ile. Lakini chama kinahesabu michango, nacho kinamtambua mtu kwa jina lake kwenye daftari. Rafiki ambaye si mwanachama, au ambaye ada yake imechelewa, hana safu ya kuandikwa. Taratibu zilizobuniwa kwa ajili ya dharura zikawa desturi, na baada ya kizazi kimoja hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mtu aliyeachwa nje.

Halafu kuna uhamaji. Utafiti mrefu wa afya na maendeleo Kagera ulianza mwaka 1991 na kaya zaidi ya 900, watafiti wakawafuatilia watu walewale mwaka 2004 na tena 2010, popote walipokwenda. Matokeo yake yanajulikana kwa wachumi duniani kote: waliohama kutoka kijijini kwao waliongeza matumizi yao kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya wenzao waliobaki, katika miaka kama 13. Ni habari njema kwa waliohama. Kwa msiba, maana yake ni kwamba wana na mabinti wanaoandika wasifu wa baba wanaishi Mwanza, Dar es Salaam au ng'ambo, na wamemwona baba huyo kwa wiki mbili za Desemba. Aliyemwona siku nyingine zote za mwaka yuko kijijini. Kwa mantiki ya kawaida tu, huyo ndiye angepaswa kuulizwa kwanza.

Sheria inamjua

Kama mila na uchumi havitoshi kumshawishi msomaji, aitazame sheria. Kanuni za wosia katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, zinazohusu wanaofuata sheria za kimila, zinasema wosia wa mdomo ushuhudiwe na watu wasiopungua wanne: wawili wa ukoo, wawili wasio wa ukoo. Hata wosia wa maandishi unahitaji shahidi wa nje. Walioandika kanuni hizo walikuwa na busara. Walijua kwamba ndugu wote ni wanufaika, na kwamba mnufaika peke yake hawezi kuaminiwa kueleza marehemu alitaka nini. Anayehitajika ni mtu asiyerithi chochote.

Sasa mzee wa kijijini huko Kamachumu au Nshamba anawapata wapi watu wawili wasio wa ukoo wake ambao anawaamini kwa siri ya mali yake? Mchungaji ni mmoja. Mwenyekiti wa kitongoji labda. Lakini mara nyingi ni walewale aliokaa nao jioni. Wao ndio waliosikia akisema, mara nyingi kwa miaka, kwamba kile kipande cha chini kilichopandwa buni ni cha binti yake, au kwamba ng'ombe wa fulani alishalipwa. Matanga yanapomalizika na mrithi, omusika, anapotangazwa, swali la madeni huulizwa mbele ya watu: nani anamdai marehemu, nani alidaiwa naye. Rafiki akiwa amezoeshwa kunyamaza siku mbili zilizotangulia, hatajitokeza siku ya tatu kubishana na ukoo. Migogoro ya vibanja inayojaza mabaraza ya kata hulishwa kwa sehemu na ukimya wa namna hii.

Mkoa huu umewahi kuonyeshwa kwa uchungu thamani ya shahidi asiye ndugu. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua zaidi ya watu 800. Meli ilijazwa kupita uwezo wake, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha kamili. Wengi walizikwa Igoma bila kutambuliwa. Pale ambapo karatasi haikuwa na jina, aliyeweza kusema kwamba fulani alipanda jioni ya kabla ya ajali Bukoba au Kemondo ni yule aliyemsindikiza bandarini, na mara nyingi huyo hakuwa ndugu.

> Ndugu wote ni wanufaika. Anayehitajika ni mtu asiyerithi chochote.

Walichokiona Nyakatoke

Mwaka 2000 mtafiti Joachim De Weerdt alikwenda Nyakatoke, kijiji kidogo cha Bukoba Vijijini, akazihoji kaya zote 119 zilizokuwapo. Alimwuliza kila mtu mzima anamtegemea nani kwa msaada, na ni nani anayemtegemea yeye. Takwimu zile zimekuwa maarufu sana miongoni mwa wachumi wa mitandao ya kijamii, kwa sababu ni nadra kupata kijiji kizima kimechorwa hivyo. Undugu ulihesabika sana, bila shaka. Ukaribu wa makazi pia, dini pia, utajiri pia. Lakini ramani iliyopatikana haikuwa ya koo zilizojifungia kila moja kwenye boma lake. Ilikuwa wavu uliopitapita kati ya koo, na kuwa na marafiki wa pamoja kuliwaunganisha watu wasio na damu moja. Katika kazi aliyoifanya baadaye na Stefan Dercon, alionyesha kwamba mitandao hii ya watu binafsi ina mchango wake katika kumkinga mtu na hasara anapougua.

Ukiweka matokeo hayo mbele ya ratiba ya msiba, pengo linaonekana mara moja. Wakati wa uhai mtu huyu alisimama juu ya nguzo kadhaa, rafiki akiwa mojawapo. Siku ya kuagwa kwake tunazitaja nguzo zote isipokuwa hiyo. Tunamtaja hata mwajiri aliyemwachisha kazi mwaka 1994.

Pengine itasaidia kuangalia nje kidogo. Huko Burgundy, Ufaransa, wakulima wa zabibu wana vyama vya Mtakatifu Vinsenti, msimamizi wao, vilivyoundwa ili mkulima akiugua wenzake wamfanyie kazi shambani. Tangu 1938 vyama hivyo huandaa kwa zamu sherehe kubwa ya kila Januari, kijiji hadi kijiji. Nchini Georgia, kwenye milima ya Kaukasi, meza ya mazishi ina kiongozi wake, tamada, anayepanga nani aseme na kwa mpangilio upi, divai ikinywewa kwa taratibu na heshima. Watu hao hawakudhani kwamba kinywaji kinaifedhehesha kumbukumbu. Walikiwekea kanuni.

"Unatetea ulevi"

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya makala haya ni ya afya, na haistahili kukwepwa. Mwezi Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Mkoani Kagera kuna kaya zilizovunjika kwa sababu ya pombe, na lubisi siyo mkosaji mkubwa. Gongo inayochemshwa kutokana na ndizi hizohizo ni kali zaidi, na sheria ya mwaka 1966 kuhusu moshi, jina lingine la gongo, inakataza kuitengeneza bila leseni. Serikali ilipopiga marufuku viroba vya plastiki tarehe 1 Machi 2017 ilikuwa na sababu. Mjane ambaye mumewe aliuza kahawa ikiwa bado mtini ili anywe ana haki ya kukasirika akisikia wenzake wa kilabuni wanapewa kipaza sauti.

Jibu ni kwamba hakuna aliyependekeza pombe msibani. Kinachodaiwa ni nafasi ya mtu, si ya kinywaji. Omukago wenyewe, urafiki mzito kuliko wote, ulifungwa kwa kahawa, na mgeni wa Buhaya hukaribishwa kwa punje za kahawa za kutafuna hadi leo. Rafiki anaweza kusimama na kusema maneno yake akiwa mkavu kama kuni. Tena, asiyefaa atajulikana: mzunguko wa wazee wanaoonja lubisi jioni na kurudi nyumbani kabla ya giza haufanani na genge la gongo, na kila kijiji kinajua tofauti hiyo bila kufundishwa.

Wa pili hupinga kwa methali: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na rafiki wa pombe huondoka kibuyu kikikauka. Ni kweli kwa baadhi. Lakini methali hiyo ni kipimo, haimhukumu mtu kabla ya kupimwa. Aliyekuja kumwona mgonjwa miezi sita bila kutarajia hata kikombe kimoja amekwisha kupimwa. Aliyeacha kuja amejitoa mwenyewe, na hakuna atakayemtafuta ili aseme.

Wa tatu ni watu wa dini, na hapa hoja hii ina mpaka unaostahili kukubaliwa. Kwa Waislamu wa Bukoba, ambao ni wengi na wa siku nyingi, maziko hufanyika haraka na hotuba za kumsifu maiti si sehemu yake. Nafasi ya rafiki ni kubeba jeneza, kushika udongo na kuhudhuria dua. Hakuna cha kubadilisha hapo. Kwa familia za walokole, kumsikia mzee wa kilabu akimwelezea baba aliyeokoka mwaka jana kunaweza kuleta fedheha. Basi rafiki asimulie walivyojenga daraja la kijito, walivyomsomesha yatima, walivyopanda migomba upya ule mnyauko ulioripotiwa Muleba mwaka 2006 ulipoingia vibanjani. Hakuna ulazima wa kutaja mahali walipokuwa wakikutana. Watu watajua.

Pingamizi la nne hutajwa mara chache, na kwangu lina uzito wake: mzunguko wa kibuyu ulikuwa wa wanaume. Kuurudisha rasmi kunaweza kuwa njia nyingine ya kuwapa wanaume sauti ambayo tayari wanayo kupita kiasi, katika mkoa ambao mwanamke alipigania hadi Mahakama Kuu haki ya kuuza shamba alilorithi. Hukumu ya Jaji Mwalusanya ya mwaka 1990 katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory ilitoka kwenye ardhi hii ya Wahaya. Kwa hiyo mstari huo wa ratiba usiandikwe "wanywaji wenzake" wala "wazee". Uandikwe "rafiki". Marehemu akiwa mwanamke, asimame mwenzake wa kulima kwa zamu, wa soko la Kashai au wa kikoba, ambaye naye leo hupikia msiba mzima jikoni bila kuulizwa neno moja kuhusu aliyelala sebuleni.

Muda na woga

Inabaki hoja ya muda. Msiba ni mrefu tayari, na baada ya homa ya Marburg iliyotangazwa Bukoba tarehe 21 Machi 2023 na kumalizika rasmi tarehe 2 Juni mwaka huo, watu wamejifunza kuogopa mikusanyiko mirefu. Woga huo ulikuwa halali: wagonjwa tisa, vifo sita, na maziko yaliyosimamiwa na wataalamu. Lakini hatari ilikuwa katika kugusa mwili na maji yake, na mtu kusimama mbali akizungumza hakuileta. Kuhusu dakika zenyewe, anayedai hazipo ahesabu salamu. Viongozi hufika, husimama mmoja mmoja, hutoa pole kwa niaba ya ofisi, na kila mmoja hurudia kwamba kifo ni njia ya wote. Zinatumika dakika arobaini bila kusikia kitu kimoja kipya kuhusu aliyekufa.

Wenye uwezo wa kurekebisha jambo hili ni vyama vya kuzikana, kwa sababu ndivyo vinavyoandaa ratiba na ndivyo vyenye katiba inayoweza kuongezwa kifungu. Kifungu chenyewe ni kifupi. Wasifu asomewe rafiki mmoja asiye wa ukoo, aliyeteuliwa na marehemu akiwa hai au na familia, kabla haujachapishwa. Rafiki huyo apewe dakika tano baada ya wakwe. Jina lake liandikwe kwenye daftari la chama kama shahidi, ili siku ya kutangaza madeni na mrithi aitwe kwa jina. Na dakika tano hizo zikikosekana, zipunguzwe kwenye salamu za wanasiasa.